Nusu ya Mkia

Hajapata kuonekana Musoma mpiga picha aliyekwenda mbugani na lenzi nene kama chupa ya chai, akarudi na nyasi nyingi kama alizorudi nazo Majura Masatu. Zilikuwepo nyasi za karibu na nyasi za mbali, nyasi zilizosimama na nyasi zilizolazwa na upepo, na katikati yake, hapa na pale, nukta. Nukta moja ilikuwa twiga. Nyingine ilikuwa tembo, au kichuguu. Jioni waliporudi kutoka safari ya kwaya, Majura aliketi kwenye kompyuta ya studio yake, nyusi bado zina vumbi, akaivuta nukta moja mpaka ikajaa kioo chote. Akaona vimraba vya kahawia vimepangana safu kwa safu.

"Hongera, Majura," akajisemea. "Umekwenda Serengeti kupiga picha mkeka."

Mambo yote yalianzia buchani kwa Mugini. Mugini alikuwa kaka yake Bhoke, mke wa Majura, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko visu vyake. Studio ya Majura ilikuwa mtaa wa pili kutoka hapo, na watu walifika kwa picha za pasipoti, za kipaimara na za harusi. Ukuta wa nyuma wa studio ulichorwa simba, ili mteja akae mbele yake apendeze. Aliyemchora hakuwahi kumwona simba, na Majura naye hakuwahi, kwa hiyo hakukuwa na wa kumsahihisha mwenzake. Simba akatoka na meno ya mtu, na uso wa mtu aliyegongewa mlango akiwa bafuni.

"Shemeji," Mugini alimwambia siku moja mbele ya wateja, huku akipasua mfupa, "miaka yote hii unapiga picha, na simba pekee uliyempiga ni yule wa ukutani. Na hata yule unampiga akiwa amekodoa macho."

Wateja wakacheka. Majura angechukua nyama yake akaondoka, angekuwa salama. Lakini kichwa chake, mwenyewe alikuwa akikiri, kilikuwa kama gunia tupu: upepo kidogo tu, kinaruka.

"Mwezi ujao kwaya yetu inakwenda Serengeti," akasema. "Nitakuletea simba hapa, Mugini, uhesabu ndevu zake."

"Ndevu?"

"Moja moja."

"Sawa, nyie watu wa ziwani, wala samaki. Mimi nitaleta kitana."

Maneno ya buchani hayalali buchani. Jumapili iliyofuata, mwenyekiti wa kwaya, Mwalimu Manyama, alisimama baada ya Misa akatangaza kwamba ndugu yetu Majura atapiga picha za safari nzima, na watakaporudi zitaonyeshwa kwenye ukumbi wa parokia, wote mnakaribishwa. Majura alikuwa na nafasi ya kusimama aseme kwamba yeye ni mtu wa maharusi, kwamba mnyama mkubwa aliyewahi kumpiga ni mbuzi wa mahari, tena aliyefungwa kamba. Hakusimama. Aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, akasikia raha.

Lenzi aliiazima kwa mpiga picha mwenzake wa Mwanza. Ilifika siku moja kabla ya safari, imevingirishwa shuka kama mtoto mchanga. Ubavuni ilikuwa na vitufe ambavyo hakuvijua. Aliviacha vilivyo, asije akaharibu mali ya watu. Koti alilinunua mtumbani, la rangi ya udongo, lenye mifuko mbele, nyuma, mikononi na ndani ya mifuko mingine. Walipofika Bunda alikuwa ameshapoteza kitambaa cha kufutia lenzi ndani ya koti hilo hilo alilovaa.

Kabla ya kufika geti la Ndabaka, Majura alisimama katikati ya basi. Hili ndilo jambo ambalo baadaye alikuwa akilikumbuka usingizini na kushtuka.

"Ndugu zangu wanakwaya," akasema, "nawaomba simu zenu. Mkianza kunyoosha simu madirishani, huyu anamulika, yule anapiga kelele, wanyama watakimbia wote. Kazi ya picha niachieni mimi."

Mwalimu Manyama aliona ni busara. Akapitisha kikapu cha sadaka, maana walikuwa nacho, na simu zikaingia moja baada ya nyingine. Kikapu kilipofika kwa Nyafuru kikakwama. Nyafuru alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, aliuza dagaa soko kuu na aliimba sauti ya pili kwa nguvu hata vioo vya kanisa vikajibu.

"Mimi nimeahidi kumpigia picha mwanangu aliye Dodoma," akasema. "Simu hii yeye ndiye aliyeninunulia."

"Mama, weka tu," Majura akamwambia. "Wewe nitakutolea picha kubwa ya kutundika ukutani. Mwanao akija ataikuta."

Nyafuru alimtazama, akaitazama ile lenzi, akaiweka simu.

Getini akapanda muongoza wageni, dada mmoja mrefu, mpole, jina lake Ghati, darubini shingoni. Majura alikuwa amejichagulia kiti cha mbele dirishani, upande wa kulia, mke wake Bhoke nyuma yake. Hawajakaa sawa, swala wakaonekana.

Wenyeji wa mbuga hawageuki kwa swala. Majura aligeuka mwili mzima. Alipiga swala wanaokula, swala wanaojikuna, swala wanaomtazama na swala waliompa mgongo. Kila kundi lilipotokea alipiga kana kwamba ndilo la mwisho duniani.

"Dereva, rudi nyuma kidogo!" alikuwa akipaza sauti. "Hapo! Aa, umepita. Mbele kidogo!"

Dereva, Kisiri, alivumilia mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu akageuka. "Mzee Majura, hii si harusi. Hao hawakati keki."

Basi zima likacheka, na Majura alicheka nao, lakini mazoea ni mazoea. Twiga watatu walipotoka kwenye miti, mdomo wake ulijiendea wenyewe: "Haya, tazama huku! Wa kulia, sogea kwa mwenzio!" Twiga wa kulia alimtazama kweli, akatafuna mara mbili, akawaongoza wenzake kurudi mitini.

"Baba, ukiwaita wanaondoka," Ghati akasema taratibu.

"Nisamehe, binti. Wa kwetu ukiwaita wanakuja."

Akamwomba Kisiri azime injini, maana gari lilikuwa linatetemeka na picha zilikuwa zinatetemeka nalo.

"Nikizima itabidi kusukuma," akajibu Kisiri. "Sasa semeni, nani anashuka?"

Watu wakatazama nje, kwenye yale majani marefu. Hakuna aliyeuliza tena habari ya injini. Basi likaendelea kukitikisa kiti, kiti kikamtikisa Majura, na lenzi mwishoni mwake ikaruka kama samaki aliyenasa.

Jua lilikuwa limepinda kidogo walipokaribia mto Grumeti. Ghati akainua mkono.

"Simba," akasema. "Kulia, mbali, chini ya ule mgunga uliopinda."

Darubini ikaanza kupita mkono kwa mkono. "Namwona! Yesu wangu, namwona!" "Wako wangapi?" "Nipe na mimi!" Majura akainua lenzi, akavuta pumzi kama afanyavyo bibi harusi anapoingia ukumbini, akabonyeza. Kamera haikulia. Akabonyeza tena. Kioo cha nyuma kikaandika kwamba kadi imejaa.

Kadi ya pili alikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya koti. Akaingiza mkono mfuko wa kwanza akatoa kile kitambaa kilichopotea. Wa pili, rozari. Wa tatu, sambusa ya Bhoke iliyofungwa kwenye gazeti. Wa nne ulikuwa na tundu, na ndani ya tundu kulikuwa na mfuko mwingine, mtupu. Akaona njia ni moja tu, afute swala apate nafasi ya simba. Jua lilikuwa linamulika kioo, kwa hiyo akainama, akaiweka kamera katikati ya magoti, akajifunika kichwa kwa lile koti, akaanza.

Kamera ile ilikuwa na adabu kupita kiasi. Kwa kila swala mmoja ilimuuliza kama ana uhakika. Ana uhakika. Swala mwingine. Una uhakika? Ana uhakika! Akiwa chini ya koti alisikia kwaya imenyamaza. Watu wale hawakuwa wamenyamaza tangu Musoma, lakini Majura alidhani bado wanapokezana darubini. Akafuta swala. Harufu fulani ikapita dirishani, nzito, kama ngozi mbichi iliyoanikwa, akadhani ni sambusa imeharibika. Akafuta wengine wawili, akaona nafasi inatosha, akaibuka.

"Tayari!" akasema kwa furaha. "Yuko wapi?"

Ghati alionyesha kushoto kwa kidole, mbele ya gari, mahali nyasi zilipokuwa zinajifunga. Majura akarukia upande ule, akakanyaga mguu wa mtu, akabonyeza bila kuona anachobonyeza.

Ndipo basi likalipuka kwa kelele. Watu walisema wote kwa pamoja, mmoja alikuwa analia, mwingine ameanza wimbo wa shukrani bila kusubiri ufunguo. Mwalimu Manyama akamshika Majura mabega yote mawili.

"Majura! Umempata?"

Kikapu kilikuwa miguuni pa mwalimu, kimejaa simu. Macho ya kwaya nzima yalikuwa usoni pa Majura. Mdomo wake, ule ule uliomponza buchani, haukumwomba ruhusa.

"Nimempata," ukasema.

Njia nzima ya kurudi waliimba. Nyafuru aliinuka kwenye kiti chake akamwinamia Majura, akamwita kwa jina la mtoto wake. "Baba Rhobi, ile picha yangu uifanye kubwa. Yale macho yaonekane."

"Yataonekana, mama," Majura akajibu, akatazama nje. Hakujua ni macho gani.

Ndiyo maana jioni ile alikuwa studio peke yake na mikeka yake ya kahawia. Bhoke alikuja na chai, akaiweka mezani, akasimama nyuma ya kiti.

"Baba Rhobi, yule simba umempata kweli?"

"Nimepata mkia."

"Mkia wote?"

Majura alivuta picha. Palikuwa na nyasi, na ndani ya nyasi palikuwa na kijiti chenye ncha nyeusi. "Nusu," akasema.

Bhoke akavuta stuli akakaa. Majura akaona kukaa kule ni ruhusa, akamfungulia mpango aliokuwa ameupanga. Alikuwa ameshatafuta mtandaoni simba mmoja mzuri sana, ameketi mbele ya nyasi za aina ile ile. Ukumbini kutakuwa na giza, watu watashangilia, nani atajua? Akamwonyesha. Simba alikuwa na manywele yamemzunguka shingo, yanapepea kama pazia.

"Huyu?" Bhoke akauliza.

"Huyu."

"Huyu ni dume."

"Enhe?"

"Yule wetu alikuwa jike, Baba Rhobi. Hana hata unywele shingoni." Bhoke akageuka akamtazama vizuri. "Ina maana wewe hukumwona kabisa?"

Majura akakuna shingo. "Niliona alipokuwa anaondoka."

"Uliona mkia!"

"Nusu."

"Alipita chini ya dirisha lako! Alikuja kutafuta kivuli cha gari, akatembea ubavuni mwetu polepole, mimi nimeshika kiti chako, siwezi hata kukugusa nikwambie! Nikasema moyoni, mume wangu jasiri, anampiga kwa chini chini. Kumbe ulikuwa unafanya nini ndani ya lile koti?"

"Nilikuwa nafuta swala."

Bhoke alijaribu kujizuia kwa ajili ya heshima ya ndoa. Hakuweza. Alicheka mpaka akashuka kwenye stuli akaketi sakafuni, akashika tumbo, akasema "swala" na kuanza upya. Majura aliinywa chai yake mpaka ikaisha. Naye mwishowe akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa ndani ya pipa.

Bhoke alipopata pumzi akajifuta macho kwa khanga. "Sikiliza. Ukiwawekea huyo wa manywele, watu waliomwona kwa macho wapo, na Mugini atakaa mbele. Hutauza tena picha mji huu. Nenda ukajicheke wewe kwanza, kabla hawajakucheka."

Jumapili ukumbi ulifurika. Madirisha yalizibwa kwa vitenge, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na projekta ikaazimwa shuleni kwa Mwalimu Manyama. Mugini aliketi kiti cha mbele kabisa, amevaa shati la kanisani, na mfuko wa shati ulikuwa na kitana. Majura alipoingia, Mugini alikitoa akakipuliza.

Majura akasimama kando ya shuka.

"Ndugu zangu," akasema, "kabla sijaanza. Mtu aliyekuja hapa kumwona simba, anaweza kurudi nyumbani mapema, chakula kisimpoe."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Akabonyeza.

"Hawa ni swala."

"Wako wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Walikuwepo. Na hawa ni swala wengine, nao hawapo. Huyu hapa mwenye kichwa ndani ya jani ni twiga. Huyu ni twiga yule yule baada ya kunisikia sauti."

"Na hicho kikubwa hapo? Goti la tembo?"

"Hicho ni kiwiko cha Mwalimu Manyama."

Ukumbi ukaanza kuchangamka. Wazee wa safu ya pili walikuwa wameinuka, wakienda hadi kwenye shuka kuonyesha kwa fimbo. "Hii nukta ni nyumbu." "Nyumbu gani, hicho ni kichuguu." "Kichuguu kina masikio?" Kisha ikaja picha moja safi ajabu, haina tetemeko hata kidogo. Ilikuwa ya nzi. Nzi alijaa ukuta mzima, macho yake mekundu, na kila unywele wa mguu wake ungeweza kuuhesabu. Ukumbi ukapiga makofi.

"Shemeji!" Mugini akaita. "Huyo ndiye simba?"

"Huyo ni nzi wa kioo cha basi," Majura akajibu. "Ndiye mnyama pekee siku ile aliyekubali kutulia."

Mugini hakupoteza nafasi. Aliinuka na kitana chake, akaenda mpaka ukutani, akamchana nzi miguu yote sita, kwa uangalifu, kama kinyozi. Watu walilia kwa kucheka. Majura mwenyewe ilibidi ashike meza. Akaanza kuona kwamba atatoka salama.

Akabonyeza picha ya mwisho. "Na hii," akasema, "ndiyo ya simba."

Watu wakanyoosha shingo. Nyasi, na kijiti.

"Ni mkia. Nusu yake. Wanakwaya, mliniuliza nikasema nimempata. Sikumpata. Kadi ilijaa swala, na simba wenu alipokuwa anapita chini ya dirisha langu, mimi nilikuwa nimeinama ndani ya koti, nafuta swala. Hata harufu yake niliisikia, nikaisingizia sambusa ya mke wangu."

Wageni wakacheka. Wanakwaya hawakucheka. Walikuwa wamekaa pamoja upande wa kulia. Kisha Nyafuru akasimama.

"Baba Rhobi," akasema, wala hakupaza ile sauti yake. "Simu yangu ilikuwa kikapuni."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu ananipigia kila siku. Ananiuliza, mama, picha ya simba iko wapi? Namwambia inatengenezwa, inatengenezwa kubwa. Mimi si fundi, ningepiga vibaya. Ningepiga sikio. Lakini ningepiga."

Majura alikuwa ameandaa mzaha kwa kila picha, na kwa kila neno la Mugini alikuwa na jibu. Sasa aliona wazi jinsi alivyokuwa siku ile, amesimama katikati ya basi na koti lake la mifuko, anawapokonya watu macho yao.

"Nisamehe, mama," akasema. "Sina la kujitetea."

Nyafuru hakusema amesamehe, wala hakuketi. Alilitazama lile shuka lenye nyasi. "Zima hiyo mashine," akasema. "Inaniumiza kichwa."

Majura akazima. Mtu akafunua kitenge kimoja dirishani, mwanga ukaingia, na Nyafuru akatoka mbele.

"Alikuwa amelala pale chini ya mti na watoto wake," akaanza. "Akainuka. Hainuki kama ng'ombe, kwa haraka na kwa vishindo. Anainuka kama mtu mwenye mgeni asiyemtaka. Akajinyoosha, akaanza kuja. Njia nzima anakuja kwetu, hatazami pembeni. Nikasema, huyu anakuja kumchukua mtu. Mabega haya," na Nyafuru akainamisha kichwa, mabega yake makubwa, moja likapanda, jingine likashuka, akatembea mbele ya ukumbi polepole, gauni la Jumapili linaburura, na hakuna mtu aliyecheka. "Miguu haina sauti. Mnyama mzito vile, hana sauti! Akafika kwenye kivuli cha gari, akasimama. Akainua uso. Akanitazama mimi."

"Alinitazama mimi," Mwalimu Manyama akasema.

"Mwalimu, wewe ulikuwa umefumba macho unasali."

"Na sikio lake lilikuwa limechanika," akasema mwingine. "La kulia."

"La kushoto!" Bhoke akaingia. "Nilikuwa karibu kuliko wewe. Na alikuwa na nzi machoni, hakujisumbua hata kuwafukuza."

"Watoto walikuwa wawili."

"Watatu. Mmoja alibaki nyuma anachezea kijiti."

Wakabishana, wakaonyeshana, kila mmoja akasimama mahali alipokuwa amekaa kwenye basi. Majura aliketi kwenye benchi kando ya Mugini. Alisikiliza mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu waondoke Musoma alimwona yule simba anakuja, anavuka nyasi kutoka kwenye mgunga uliopinda, anaingia kivulini.

"Mama Nyafuru," akauliza, "aliposimama, mimi nilikuwa wapi?"

"Kiwiko chako kilikuwa nje ya dirisha," Nyafuru akajibu. "Kichwa chake kilikuwa chini ya kiwiko chako. Alikinusa."

Majura akakishika kiwiko. Nywele za mkono zikamsimama, kwa hofu ya siku ile iliyochelewa kumfika.

Kesho yake asubuhi alikwenda soko kuu bila koti na bila ile lenzi, ambayo ilikuwa imeshaanza safari ya kurudi Mwanza ndani ya shuka lake. Nyafuru alikuwa anapepeta dagaa. Hakumkaribisha kwa maneno mengi.

"Nimekuja kuomba simu yako," Majura akasema.

"Tena?"

"Safari hii nitaishika mbele yako. Msimulie mwanao kama ulivyotusimulia jana. Nitakurekodi. Mtu aliye hatua mbili mbele yangu, anayejua ninampiga, hapo mama sijawahi kukosea."

Nyafuru alifikiri, akapangusa mikono. Akajifunga khanga upya, akasogeza ungo. Majura akapiga goti moja kwenye magamba ya samaki, akaishika simu kwa mikono miwili. Nyafuru akamwita mwanawe kwa jina, akaanza, na alipofika kwenye mabega, wauza dagaa wote wa safu ile wakaacha kupima. Mkono wa Majura haukutetemeka. Alikuwa anatazama juu ya simu, si ndani yake, maana hakutaka kupitwa tena.

Kabla ya saa sita mwanawe alikuwa amepiga simu mara mbili akitaka arudiwe, ile sehemu ya kiwiko hasa. Nyafuru alimtumia Majura kindoo cha sado kilichojaa dagaa. Alimwagiza aliyekileta amwambie kwamba ile picha kubwa ya ukutani bado anaidai.

Jina la Nusu Mkia lilimkaa mjini kuanzia wiki ile. Wateja waliokuja kwa picha za pasipoti walimuuliza kama kadi ina nafasi. Naye alijibu, "Subiri nifute swala," na mambo yakaenda.

Jioni moja Mugini alikuja studio akiwa amefunga bucha mapema. Alisimama mlangoni, akatazama barabara huku na huku, kama mtu anayekuja kununua dawa ya siri.

"Shemeji," akasema, "hiyo kwaya yenu. Inachukua mtu asiyejua kuimba?"

"Wa nini?"

"Nauliza tu."

Majura akamtazama. "Mugini, wewe umewahi kumwona simba?"

Mugini akageuza kiti cha wateja, akakaa, akakunja mikono yake mikubwa ya kukatia mifupa.

"Wa ukutani kwako," akasema.

Majura alikuwa na maneno ya kumrudishia, mengi, aliyoyatunza tangu ile siku ya buchani. Aliyapitia moja moja kichwani. Kisha akasogeza birika, akammiminia chai.

"Sauti yako ni ya ngapi?" akamuuliza.

"Yangu ni ya kuita wateja."

"Basi tukienda Serengeti tutakaa wote kiti cha nyuma," akasema Majura. "Wewe na mimi, tumenyamaza."